Kidonge cha Saa Tatu

Alikuwa akigeuza kola ya shati la kumi na tisa alipogundua kwamba rundo lililokuwa pembeni yake limeondoka. Limeshapelekwa meza ya pasi. Na mfukoni mwa shati mojawapo kulikuwa na kidonge chake cha saa tatu, kimeviringishwa kwenye kipande cha bitana.

Kola ikabaki mkononi, nusu imegeuzwa.

Karakana ile ilikuwa chumba kimoja kirefu, na kazi ilipita mkono kwa mkono: huyu mifuko, yule mikono, yeye kola, ndiyo maana wakamwita Dada Kola. Ukisimama wewe, mstari wote unasimama, na kila jicho linakugeukia. Kwa miezi minne alikuwa akingoja wasimtazame. Saa tatu ikawa saa sita, na siku nyingine kidonge kikarudi nyumbani kama kilivyokuja. Nyumbani nako alilala chumba kimoja na wifi yake, mtu wa kupekua hata mkoba wa mgeni.

Mwezi uliopita nesi alimwonyesha majibu: virusi vimepanda. "Unaruka dawa?" aliulizwa kwa upole. "Nasahau," alijibu. Hakuwahi kusahau hata siku moja. Aliona haya tu.

Leo alijiapiza kwamba haruki. Ndipo akakitia mfukoni mwa shati lililokuwa mkononi, akimeze atakapoinama kukata uzi.

"Dada Kola, mbona umeganda? Umeme upo!" alisema fundi wa vifungo. Walimwita Redio, kwa kuwa hakuzimika asubuhi hadi jioni.

Kabla hajajibu, mpiga pasi, mama wa makamo mwenye sauti nzito, aliita kutoka mwisho wa chumba. "Wewe Kola! Njoo, shati lako limenishinda."

Alikwenda. Mama alikuwa amelitandaza shati, kiganja juu ya mfuko. Kando yake palikuwa na kikombe cha maji.

"Shikamoo, mama," alijikuta akisema, na asubuhi walishaamkiana.

"Marahaba, shikamoo ya pili hiyo. Meza kwanza, ya tatu utanipa baadaye." Mama alisogea, mgongo wake mpana ukamkinga na macho ya chumba kizima.

Akameza.

"Umekijuaje?" alinong'ona.

"Mume wangu anavimeza, mwaka wa kumi na moja huu. Hamfichi mtu. Na anavyokoroma, majirani wote wanajua yu hai." Alishusha sauti zaidi. "Jambo lako litabaki hapa mezani. Kuanzia kesho, saa tatu nitakuita uje kunikunjia mashati. Nikifoka, usinune."

"Kuna nini huko?" Redio alipaza sauti.

"Kuna kola imekaa upande kama kofia yako! Kaza vifungo!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Dada Kola akacheka nao. Alitaka kusema asante, lakini Redio angesikia. Akaushika mkono wa mama, uliokuwa na joto la pasi, akaubana. Mama naye akaubana, kisha akamsukuma begani. "Haya, rudi. Mstari umesimama."

Jioni mashati kumi na moja yalikuwa hayajapata kola. Siku nyingine angeyatazama kwa uchovu. Leo aliweka kola moja juu ya kila shati, akazibana kwa pini, akafunika cherehani.

"Mama, haya sikuyamaliza."

"Yaache," alisema mpiga pasi akijifunga mtandio. "Kwani kesho huji?"

"Nakuja, mama," alisema. "Asante. Nakuja."