Nzi Aitwaye Wifi

Mume wangu hajui kufunga hata kamba ya kiatu ikakaa. Nalisema hili mapema ili mjue nilikuwa na hali gani Jumamosi ile, nikiwa kwenye kiti cha plastiki, mstari wa pili, katika ukumbi wa chama cha wavuvi, namsikiliza akiwaeleza watu arobaini jinsi anavyofunga nzi kwa mikono yake mwenyewe.

Nzi hao si wale wa jalalani. Ni ndoano ndogo iliyovishwa uzi na manyoya mpaka samaki adhani ni mdudu. Mvuvi wa nzi hachimbi chambo. Hurusha mshipi hewani, nyuma na mbele, kisha humtua yule mdudu wa uongo juu ya maji taratibu, kana kwamba ameanguka kwa bahati mbaya. Ukiwauliza wenyewe watakwambia hakuna uvuvi mwingine duniani.

Zamani mume wangu alikuwa mvuvi wa nyungunyungu kama baba yangu, na hivyo ndivyo tulivyojuana. Alikuwa akija nyumbani kwetu na jembe, wanachimba nyuma ya bafu penye unyevu, wanajaza kopo, wanakwenda mtoni na kizibo cha chupa na kipande cha risasi cha kuzamishia ndoano. Walirudi na samaki au walirudi na hadithi, na mama aliwapokea vilevile. Baba alikuwa fundi bomba. Hakuwa na mtoto wa kiume, na sidhani kama aliwahi kumpenda mtu nje ya nyumba yetu kama alivyompenda yule kijana wa jembe.

Kisha kijana akawa karani wa idara ya maji, na idara ikaletewa Injinia, na Injinia akawa mvuvi wa nzi na mwenyekiti wa chama. Haukupita mwezi mume wangu alikuwa amenunua fimbo ndefu nyembamba na kofia ya kijani. Na nyungunyungu wakawa uvuvi wa watoto. Alimwambia baba hivyo usoni, sebuleni kwangu, kikombe changu cha chai kikiwa mkononi mwake.

"Mzee, kuvua kwa chambo ni sawa na kupanga foleni. Unakaa tu unasubiri kuitwa."

"Samaki haulizi ndoano imevaa nini, mkwe," baba akasema, akacheka. Lakini kuanzia siku ile alikwenda mtoni peke yake.

Nzi wa dukani hawakumtosha. Wenzake kwenye chama, Injinia akiwa wa kwanza, walifunga nzi wao wenyewe, na kwao huo ndio uliokuwa uanaume. Akaleta jiliwa dogo la chuma la kubania ndoano, akakaa nalo Jumapili nzima. Nilimsikia akitukana uzi. Nilimsikia akitukana jogoo aliyetoa manyoya. Saa kumi alikuja kwangu na ndoano imemwingia kwenye kidole gumba, nikaitoa, nikamfunga kitambaa, nikaketi kwenye kiti chake mbele ya jiliwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule katika chumba cha mbele, dirisha linatazama barabara, na kitu chochote kilichoshonwa au kufungwa na binadamu nikikifumua najua kilivyotengenezwa. Nilichukua nzi mmoja wa dukani, nikamfumua kwa wembe, nikahesabu mizunguko ya uzi, nikamfunga upya. Halafu nikamfunga mwingine. Hiyo ni miaka saba iliyopita. Tangu hapo jiliwa linaishi pembeni mwa cherehani yangu katikati ya sketi za darasa la nne, na wateja wanadhani ni kifaa cha vifungo. Kila nzi aliyetoka nyumbani kwetu ametoka kwenye vidole hivi.

Wifi nilimbuni mwenyewe. Mwili wake ni bitana nyeusi iliyobaki kwenye makoti ya sare, mkia ni unyoya mweupe, shingoni ana uzi mwekundu mzunguko mmoja, kama kidani. Nilimwita Wifi kwa sababu ni mzuri wa kutazama na ndoano yake utaijua baadaye. Dada yake mume wangu alipoulizia nilimwambia ni sifa.

Samaki walimpenda kupita kiasi. Wanachama wakawa wanamwomba mume wangu, naye anawagawia, na mimi nafunga wengine. Mpaka siku Injinia aliponikuta sokoni na kuniambia, "Shemeji, bwana wako ni fundi! Huyo nzi wake, Karani, tunamweka kwenye kabati la vioo ukumbini, na kadi yenye jina la mfungaji. Nzi wa kwanza wa chama chetu wenyewe."

Karani! Alikuwa amembadilisha na jina.

Nilifika nyumbani nimevimba. Sikutaka ugomvi wa vyombo, nilitaka kitu kimoja, nikakisema polepole kama mtu anayempimia mteja kiuno.

"Kwenye ile kadi nataka jina langu."

"Mama watoto, hayo ni mambo ya chama tu. Mimi na wewe si kitu kimoja?"

"Kama ni kitu kimoja, basi waandike langu."

Akanitazama, akaona sicheki. "Sawa. Jumamosi natoa mada kabla ya kadi kuandikwa. Nitakutaja. Basi, umeridhika?"

Niliridhika. Mjinga ni mimi. Na siku tatu kabla ya mada alizidi kunilainisha: alivuta kigoda mpaka karibu na cherehani, akakaa, akaniuliza, "Hivi, ukimaliza kumfunga mmoja, unajisikiaje?"

Ndugu zangu, miaka kumi na sita ya ndoa hakuna aliyewahi kuniuliza najisikiaje nikimaliza kitu. Huulizwa kama kimekwisha. Nikasimamisha cherehani. Nikamwambia kwamba kabla ya fundo la mwisho ni takataka tu za mezani, uzi, kipande cha bitana, unyoya. Fundo likikaza, kitu ambacho hakikuwepo kimekuwepo, na vidole vinajua kabla ya macho. Nikamwambia kwamba wakati mwingine namwacha nzi kwenye jiliwa mchana kutwa, nashona huku namtupia jicho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Karani hatembei bila kalamu kwenye mfuko wa shati, na niliona ameitoa na anaandika, nikajua anaandika ili anitaje vizuri. Siku hiyo nilimpikia anachokipenda.

Basi, Jumamosi. Baba alikuwa kushoto kwangu, nilimlazimisha aje ashuhudie jina la mwanawe likiandikwa. Alikuwa amevaa koti lake la harusi, na mfukoni, namjua, kopo la nyungunyungu, maana mto uko nyuma ya ukumbi. Mbele kulikuwa na kabati la vioo, meza, na juu ya meza jiliwa langu. Mume wangu aliniambia nilibebe "kwa maonyesho".

Mada yake ilikuwa raha ya kuvua kwa nzi. Alianza na wavuvi wa chambo. "Wenzangu, mwenye chambo hana kazi. Anatupa, anakaa, anasinzia. Akipata, ni njaa ya samaki, si akili yake. Sisi tunasoma maji. Sisi tunatembea. Sisi kila samaki tumemdanganya sisi wenyewe."

Watu wakapiga makofi. Baba akaninong'oneza, "Kule kusinzia ndiko raha yenyewe. Hajawahi kuelewa." Hakuwa na hasira. Hasira ya watu wawili ilikuwa yangu.

"Lakini raha kuu," mume wangu akaendelea, akafunga macho, ndiyo, alifunga macho, "raha kuu ni pale ninapokaa peke yangu na jiliwa langu. Kabla ya fundo la mwisho ni takataka tu za mezani. Fundo likikaza, kitu ambacho hakikuwepo kimekuwepo. Vidole vyangu vinajua kabla ya macho."

Mtu nyuma yangu akasema, "Mwanaume ana maneno huyu!"

Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea. Huyu aliisifu mvua akiwa chini ya mwavuli, na mwavuli wenyewe nimeushika mimi. Kwa nzi ningeweza kumsamehe, nzi ni uzi na bitana. Lakini kile nilichomwambia kwenye kigoda hakikuwa cha kuvulia. Nikangoja anitaje. Akashukuru kamati, akashukuru uongozi wa idara, akamshukuru Injinia mara mbili. Akakaa.

Injinia akasimama na kadi mkononi. "Kabla hatujaandika, tufungie mmoja hapa tuone mkono wako!"

Makofi tena. Na mimi nikamwona mume wangu anavyokauka. Akapapasa mfuko. "Aa, miwani nimeisahau." Mume wangu havai miwani. Macho yake yakaanza kunitafuta, akanipata, akatabasamu. "Mke wangu atawafungia. Nimemfundisha kidogo kidogo nyumbani."

Nimemfundisha.

"Mwanangu," baba akasema chini chini, "twende zetu mtoni."

Sikwenda mtoni. Nilikwenda mbele.

Niliketi, nikabana ndoano. Mkono wa fundi una adabu yake hata moyo ukiwa unachemka. Uzi, mkia, bitana, unyoya wa shingo ya jogoo mizunguko minne, kidani chekundu. Walisogea kunizunguka, wengine wanajua kufunga, wakanyoosha shingo kufuata vidole vyangu. Injinia akainama mpaka nikasikia pumzi yake. "Hongera, bwana," akasema, lakini kichwa amemgeuzia mume wangu. "Umemfundisha vizuri kweli."

"Anaitwa Wifi," nikasema. "Huyu, na wote mlionao kwenye makopo yenu, nimewafunga mimi."

Kicheko kilichotoka pale sitakisahau. Hakikuwa kicheko kibaya, na hilo ndilo lililoniua. Walicheka kwa upendo, kama mtoto amesema yeye ndiye aliyeendesha gari. "Wanawake bwana! Unampa ujuzi, kesho anadai hatimiliki!" Mume wangu alicheka nao. Kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nzi alikuwa bado kwenye jiliwa, uzi unaning'inia, limebaki fundo la mwisho tu. Nikauachia. Nikasimama, nikamsogezea kiti.

"Baba watoto, njoo. Fundo la mwisho ni lako. Si ndilo ulilolisifia?"

"Malizia tu, mama—"

"Ni dogo. Nzi amekwisha. Waoneshe vidole vinavyojua kabla ya macho."

"Haya, Karani!" Injinia akasema, na akamshika bega, akamkalisha.

Akatazama nzi. Akatazama meza. Uzi wa nzi lazima upitishwe chini yake wenyewe mara tatu, ukazwe, ndipo ukatwe. Mtoto wa siku mbili za kujifunza anajua. Mume wangu alichukua mkasi, akakata uzi kwanza.

Wale wanaojua walivuta pumzi kwa pamoja. Unyoya ukachomoka, ukajikunjua. Bitana ikalegea. Kidani kikaanguka mezani, mkia ukafuata, na kwenye jiliwa ikabaki ndoano tupu imewatolea macho. Alijaribu kuzirudisha kwa vidole, zikamnata kwenye jasho.

Injinia alimtazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na nikaona anahesabu miaka saba kichwani.

"Ndiyo hivyo, mkwe," baba akasema kutoka mstari wa pili, kwa sauti ya mtu anayeaga. "Usione vyaelea, vimeundwa."

Injinia akakohoa. Akaweka kadi mezani mbele yangu, akajipapasa akitafuta kalamu. "Basi tuandike Wifi. Mfungaji..." Akasita. "Samahani, shemeji. Jina lako hasa ni nani?"

Miaka saba nimewapikia chai katika ukumbi ule. Walitazamana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo. Mume wangu akafungua mdomo, na sijui alitaka kusema nini, kwa sababu nilinyoosha mkono, nikachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake, nikaandika mwenyewe. Nililiandika lote, la kwangu na la baba yangu, kwa herufi kubwa kama za lebo ya sare, mpaka kadi ikajaa.

Baba alikuwa ameshatoka na kopo lake. Nilimwona kupitia dirishani anashuka mtoni, na laiti ningalimfuata. Lakini kulikuwa na watoto nyumbani na sketi za Jumatatu, nikapanda gari la mume wangu. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa na yangu tayari, yamepangwa.

Tulipokaribia barabara yetu akapunguza mwendo. Akasema taratibu, kwa sauti ile ile ya kigodani, "Sasa hivi, unajisikiaje?"

Nikatazama mfuko wa shati lake. Ulikuwa mtupu, kalamu ilikuwa mkobani mwangu. Hata hivyo sikumjibu.