Mtu wa Ukurasa wa Tisa

Jumatatu asubuhi Daktari Wening alikuwa jikoni kwake Bandung anakunywa uji wa mchele wenye nyama ya kuku, mama yake akichambua mchicha, Imas mchoraji alipoleta michoro ya kitabu cha watoto. Kilikuwa kitabu cha maisha ya Wening mwenyewe, tangu alipokuwa kitoto kinachohesabu nyota hadi alipokuwa mwanasayansi wa darubini kubwa ya mlimani. Kurasa zilikuwa tisa, kwa rangi za maji.

Kwenye ukurasa wa pili palikuwa na mwanamume aliyejifunga sarungi kiunoni, kambeba Wening mabegani.

"Huyu umemtoa wapi?" Wening akauliza.

"Mama si kanisimulia? Mtoto hahesabu nyota peke yake usiku, dada."

Wening akaufunika ukurasa kwa kiganja. Kwenye fomu zote za kazi aliandika kwamba baba yake alikufa kwa homa ya matumbo. Ukweli ni kwamba askari walimchukua mwaka wa sitini na tano, kwa sababu ya chama chake cha kikomunisti, wala hakurudi. Na serikali ilishikilia kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka: bila cheti cha ukoo safi hupati hata ukarani, sembuse darubini.

Imas akamfuta yule mtu kwa sifongo. Jumanne wakamkuta ukurasa wa tano, nywele zimelowa. Wakamfuta tena. Jumatano alikuwa ukurasa wa saba, anakohoa.

"Mtamuua kwa baridi na maji yenu hayo," mama akasema. "Mwacheni, jamani. Miaka ishirini na tisa namtafuta."

"Mama, watanifukuza kazi!"

"Najua. Hata mimi naogopa. Lakini si ndiye huyo? Liwalo na liwe."

Alhamisi akaja Bwana Hardiman, mkaguzi wa vitabu vya shule, na mhuri wake mfukoni. Yule mtu wa kwenye michoro, sasa mzee, alikuwa ameshafika ukurasa wa tisa. Alisimama kando ya darubini, mvi kichwani, akimtazama bintiye kwa fahari tupu.

Mkaguzi alifunua kurasa moja moja. Kwenye ya mwisho akabonyeza kidole kifuani pa mzee, mzee akarudi nyuma hatua moja.

"Rangi haijakauka hii," mkaguzi akasema. "Nani huyu?"

Imas akatazama dari. Mama akaacha kuchambua mboga. Wening alikuwa na jina la baba yake mdomoni, lote kabisa, na hofu ikalirudisha tumboni.

"Mfagizi," akasema. "Mfagizi wetu wa kule mlimani."

"Safi. Watoto wajifunze kuheshimu kila kazi." Akagonga mhuri.

Pale kwenye karatasi, mzee alimtazama binti yake kwa muda. Hakukasirika. Kisha akainama, akaokota ufagio ambao hakuna aliyeuchora, akaanza kufagia.