Regula Hakutaka Kusema Atarudi

Regula aliaga Kibaoni nzima kwa asubuhi moja, na nusura anivunjie ujirani wote.

Binti huyu wa Kizungu alikaa kwangu miezi mitatu, tangu Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, mwaka tisini na nne, akisomea habari za mbu. Alijifunza kupeta mchele, akajifunza kula samaki mpaka kichwa, na shikamoo yake ilitoka vizuri kuliko ya wanangu. Ila kuaga hakujua. Anselim, fundi baiskeli, alimwuliza kama ambavyo mtu yeyote angeuliza, "Sasa utarudi lini?"

"Sitarudi," Regula akajibu.

Anselim akaweka spana chini, akanitazama mimi, utadhani ndimi niliyemfundisha.

Nyumba ya pili, yale yale. Nyumba ya tatu, Gladness alikuwa anamfungia karanga kwenye kitambaa. Akaacha fundo nusu. Nikamvuta Regula pembeni.

"Mwanangu, hapa mtu haambiwi hivyo. Sema, Mungu akipenda nitakuja."

"Lakini mama, najua siji. Masomo yamekwisha. Nikisema nitakuja, watanisubiri."

"Nani akusubiri? Ni maneno ya kuagana tu!"

Nilifoka kwa sababu niliogopa, na nilichoogopa ni nyumba ya mwisho, kwa mama yangu, Verediana. Miaka sita nyuma kaka yangu Osward alipanda treni kwenda Dar, akamwambia mama atarudi kuvuna. Nilipomtembelea miaka miwili baadaye aliniambia wazi kwamba hatarudi tena. Ana mke na nyumba huko. Nikashindwa kumfikishia mama. Kila akiuliza nasema anakuja, kazi tu zimembana. Basi kila msimu mama analima kipande cha shamba cha Osward kule Mchombe, hataki kumpa mtu, na anayeinama naye kupalilia ni mimi, huku nikiulaani uongo wangu mwenyewe. Nilihofia neno moja la Regula lingemfanya aanze kuhesabu miaka.

"Kwa bibi useme utarudi," nilimwambia tukiwa mlangoni. "Nakuomba."

Akapiga hodi.

Mama alikuwa uani, anatandaza mpunga juani. Regula akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiyo unatuacha? Utarudi lini?"

Regula akanitazama. Nikamkazia macho. Akaanza kulia, akamshika mama mikono.

"Sitarudi, bibi. Nimekuja kukuaga kabisa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akajifuta viganja kwenye kanga, akamkalisha Regula mkekani, akamshika uso kwa mikono miwili. Akamtazama bila haraka, kipaji cha uso, macho, kidevu, kama anavyotazama mbegu kabla ya kupanda. Akambariki kwa Kindamba, maneno marefu, na Regula, ambaye hakuelewa hata moja, akatulia.

"Umefanya vizuri kuniambia," mama alisema. "Anayesema atarudi, mtu humwacha aende hajamtazama. Osward alivyoondoka, mimi nilikuwa jikoni nachochea moto. Nikamwitikia humo humo, nenda salama. Sikutoka hata nje."

Gari lilikuja kumchukua Regula saa nane, na watu wa Kibaoni wakamsindikiza hadi barabarani, Gladness na karanga zake akiwemo. Mimi nilirudi uani. Mama alikuwa bado mkekani, mpunga kauacha.

"Stefania, keti hapa. Osward anakuja?"

Nilikuwa na jibu lile la siku zote, liko tayari mdomoni. Nikaona aibu. Binti wa miaka ishirini na mbili, mgeni, ameweza; mimi mwanawe nimeshindwa.

"Haji, mama," nikasema. "Aliniambia mwenyewe."

Sikumsikia akilia. Kuku wakaanza kudonoa mpunga na hakuna aliyewafukuza.

"Wewe ulimwona huko," akasema mwishowe. "Nieleze uso wake sasa ukoje."

Nikaanza na kipaji.