Nguo Moja kati ya Sitini

1.

Wachache.

Nilisema "wachache." Msomaji, usinipambie. Jumatatu asubuhi mimi, Rukia, fundi sanifu wa maabara ya malaria kwa miaka kumi na mmoja, nilimtoboa kidole mwanangu Mwantumu, wa miaka minne, nikatazama tone lile kwa hadubini, nikaona wadudu wachache. Ndivyo tunavyowaita vimelea, hata sisi tuliosoma.

Mama mkwe akasema, "Tumpeleke hospitali. Mtoto hashiki hata kijiko."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu," nikamjibu. Nikampa mtoto dawa mseto, nikaenda kazini.

Jumanne, degedege. Halafu usingizi usioamshika.

2.

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE WA MAABARA

Mnakumbushwa kwamba idadi ndogo ya vimelea katika damu ya kidole haimaanishi ugonjwa mdogo. Vimelea hatari hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwemo ya ubongo, na havionekani kidoleni. Atakayepuuza

(Karatasi imechanika hapo. Niliibandika mimi, kwa mkono wangu.)

3.

KIMELEA ANAJITETEA

Mnanisingizia ujanja. Akili sina, nina sanduku. Ndani mna nguo kama sitini, nami huvaa moja tu, juu ya chembe ya damu ninamokaa. Zilizobaki zimekunjwa na kufungwa kamba. Sizichani wala sibadilishi hata uzi, nafunga na kufungua tu. Na wanangu huzaliwa wanajua kamba ipi imefunguliwa, bila kuambiwa na mtu.

Askari wa mwili wakiizoea nguo hii, baadhi yetu hufungua nyingine. Zipo zinazoteleza. Ipo inayonata.

Kwa Mwantumu nilivaa

4.

Koridoni, wodi ya watoto:

— Yule si dada wa maabara ya malaria?

— Ndiye.

— Sasa ilikuwaje yeye...

— Shh! Anasikia.

— Ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Nasikia.

5.

FOMU YA RIDHAA, ukurasa wa pili. Anasoma Mhando, kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Anasoma polepole, macho chini.

"Je, unaridhia vimelea vya mtoto wako vioteshwe maabara, ili ichunguzwe ni jeni ipi iliyokuwa wazi na nini kilichozifunga nyingine? Utafiti huu hautamsaidia mtoto wako moja kwa moja."

Sentensi hiyo ya mwisho nimewasomea akina mama zaidi ya mia mbili, mbio mbio, kama mtu anayewahi chai. Hakuna hata mmoja aliyenitukana. Nilistahili kutukanwa.

"Dada Rukia, ukikataa nitaelewa."

"Watakula nini?"

Mhando anajua. Wadudu wa chupani hulishwa damu ya kundi O, na damu iliyopo kwenye jokofu letu wiki hii ni yangu. Nilitolewa Ijumaa iliyopita, nikapewa soda na biskuti, tukacheka.

Nikasaini.

6.

Ninayoyajua, na hayanisaidii kitu:

mzunguko wao wa kuzaana ni saa arobaini na nane

jeni zinazofungwa, zile nguo za sandukuni, huviringishwa kama uzi kwenye kijiti, hazisomeki. Iliyo wazi ndiyo husomwa

wakikaa chupani wiki kadhaa, bila askari wa kuwasaka, huanza kubadilisha nguo, kwa hiyo wapimwe mapema

mapema

mapema, Rukia, mapema

7.

MAMA MKWE, BI MWANAMKUU, ANASEMA

Mimi sijasoma. Alinieleza habari za sanduku na nguo sitini, nikamwambia, kumbe ni kama mawifi zako harusini! Akacheka. Halafu akaangua kilio, nikajuta. Hajala tangu jana. Anazunguka humu wodini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Keti, Mama Mwantumu. Haketi. Anamshika mtoto mguu, anauachia, anatazama dripu, anahesabu matone, anapoteza hesabu, anaanza upya. Mwanangu, baba wa mtoto, yuko safarini, simu haipatikani. Tumebaki wanawake wawili na mtoto asiyejibu.

Nina neno langu kwake. Nimelimeza kwanza.

8.

Alhamisi. Simu ya Mhando.

"Dada, tumezisoma jeni. Ile inayonata ndiyo iliyo wazi. Nyingi kati ya zilizobaki zimefungwa kabisa."

"Kwa hiyo Jumatatu..."

"Jumatatu walikuwa wengi, dada. Walikuwa wamenata ndani. Wale uliowaona kidoleni ni wale tu ambao"

Nilikata simu. Nikaosha mikono. Nikaosha tena.

9.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Mwantumu amefungua macho!

Mama mkwe akapiga kigelegele, nesi akamwambia apunguze, hakupunguza. Nikainama. Macho ya mwanangu yakapita usoni pangu yakaenda dirishani, hayakusimama.

"Tusubiri," daktari akasema. "Wengine hurudi kama walivyokuwa. Wengine huchukua muda. Wengine..."

Akaitwa kitanda kingine.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, Jumatatu ulisema kweli. Nikakuziba mdomo kwa kazi yangu. Nilikosea mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu Jumanne najua. Nilitaka kukuzaba kofi, na hasira ninayo bado. Lakini saa yake si sasa." Akanisukuma bega kuelekea kitandani. "Mimi nimemwita hakugeuka. Mwite wewe."

Nikakohoa.

"Mwantumu."

Kope ilicheza. Au ni nzi, sijui.

"Tena," akasema mama mkwe.

"Mwantumu. Ni mimi, mama."

"Tena."