Kopo la Vifungo

Katika chumba chetu cha kushonea kulikuwa na kopo la vifungo ambalo halikuwa na kifungo hata kimoja. Tuliweka dawa humo. Aliyepewa vidonge hospitali alimeza mpaka apate nafuu, vilivyobaki akavitia koponi vimfae mwenzake. Mwenye kikohozi alichukua viwili. Aliyejikata na mkasi alifungua kidonge cha rangi mbili, akanyunyiza unga wake juu ya kidonda. Shangazi, mwenye chumba na vyerehani, ndiye aliyeanzisha utaratibu huo, na sote tulimpenda kwa mkono wake mwepesi wa kutoa.

Mimi wananiita Kimya. Sijui kujibu haraka, basi huacha cherehani changu kinisemee.

Binti yake alipochumbiwa, shangazi alitangaza: "Gauni la mwanangu nitalishona mwenyewe, kuanzia kukata mpaka kifungo cha mwisho!" Na vifungo vyenyewe vilikuwa vidogo kama punje za mahindi, vimevikwa kitambaa, vinashuka mgongo mzima. Kabla hajavifikia, sindano ikamchoma dole gumba la kulia.

Akalimwagia unga wa koponi. Dole likavimba. Akameza viwili, kesho yake viwili vya rangi nyingine. Dole likang'aa kama biringanya.

"Hilo sasa linataka gauni lake peke yake," alitania Fundi Suruali, mwanamume pekee chumbani, ambaye mdomo wake haujui likizo.

Shangazi hakucheka. Nikampeleka hospitali. Daktari alitoa usaha, akaupeleka maabara, akatuambia turudi. Tuliporudi, majibu yalikuwa mezani kwake.

"Mama, wadudu hawa wameshaizoea dawa uliyokuwa ukimeza. Ukimeza kidogo kidogo unaua wanyonge, sugu wanabaki na kuzaana. Wakihamia kwa mwenzako, naye dawa haimsaidii."

"Na dole langu?"

"Ipo nyingine ambayo bado inawaweza. Imalize yote, hata ukijiona umepona. Hii nayo ikishindwa, tunaweza kufika mahali pa kulikata."

Njiani shangazi alisimama. "Kwa hiyo nilikuwa nagawa ugonjwa nikidhani nagawa dawa?"

Nilimshika ule mkono mzima, tukaenda.

Dole likaanza kunywea. Shangazi akarudi kwenye gauni akiimba. Vidonge vya zamani tulivirudisha hospitali, ila vyake vipya aliviweka mlemle koponi, kwa mazoea. Vilikuwa vimebaki vichache Fundi Suruali alipokuja na sauti iliyokauka.

"Dada, koo linaniwasha, na mwimbaji wa harusi ni mimi. Nipe viwili tu. Wewe si umeshapona?"

Shangazi alilitazama dole lake, akamtazama yeye. Akatabasamu lile tabasamu lake la kutoa, mkono ukaenda koponi.

"Hapana!"

Vyerehani vyote vikasimama. Nami nilishtuka, maana sauti ilikuwa yangu.

"Nani kasema?"

"Kimya!"

"Kimya huyu huyu?"

Kopo nilikuwa nimeshalikumbatia. "Shangazi, hivi ni vya dole lako. Na wewe kaka, nenda ukapimwe koo."

"Mtoto una roho mbaya! Mchoyo wa vidonge!"

"Ndiyo, mchoyo," nikasema.

Shangazi alicheka mpaka akaketi juu ya marobota ya vitambaa. "Miaka yote hii namlisha, kumbe mdomo anao!"

Fundi Suruali alikwenda kupimwa. Akaambiwa ni mafua tu, hayahitaji dawa hizo, asukutue maji ya chumvi. Alirudi akinung'unika kwamba kamaliza soli ya kiatu kwa ajili ya chumvi.

Shangazi alimaliza dozi yake yote. Kopo likajazwa vifungo vilivyobaki kwenye gauni, na tangu hapo Fundi Suruali akikohoa, hupewa viwili: "Kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Siku ya harusi aliimba kama lango lisilotiwa mafuta, na watu wakacheza hivyo hivyo. Lakini kabla ya hapo, chumbani, bibi harusi alisimama akitugeuzia mgongo. Shangazi alifunga vifungo kuanzia chini, kimoja kimoja, akivisukuma kwa dole lile lile.

"Mama, tunachelewa! Mwachie Kimya anisaidie."

"Hapana," nikasema, kwa mara ya pili maishani.

Shangazi akanikonyeza, akaendelea na kifungo kilichofuata.