Munkoyo wa Saa Kumi

Mwanamume wa Kikasai haingii jikoni, na Tharcisse Badibanga hakuwa na nia ya kuwa wa kwanza. Lakini tangu astaafu alikuwa amegundua kwamba hakuna sheria inayomkataza mtu kuweka kiti chake mlangoni mwa jiko. Basi hapo ndipo alipokaa, miguu nje, macho ndani, akimtazama mkewe Kabedi akipika munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi.

Miaka yote ya kazi aliendesha malori makubwa ya machimboni, yale ambayo magurudumu yake yanampita mtu kimo, na nyumbani alikuwa kama mpangaji: anakula, analala, king'ora cha mgodi kinalia, anaondoka. Alipostaafu, raha yake ya kwanza ilikuwa kukisikia king'ora hicho alfajiri na kugeukia upande wa pili wa kitanda. Alijisifu kwa jambo hilo mtaa mzima mpaka watu wakamchoka. Kisha kampuni ikaanza kuporomoka. Mashine zikakosa vipuri, wafanyakazi wakakosa mishahara, na siku moja king'ora nacho kikanyamaza. Badibanga alikasirika kana kwamba ameibiwa. Mtu atageukaje upande wa pili kama hakuna anayemwamsha?

Ikabaki munkoyo. Kabedi alipika uji wa mahindi, akauacha upoe, akaiponda mizizi ya munkoyo mpaka ikawa nyuzinyuzi, akaitumbukiza. Uji ulilegea wenyewe mbele ya macho yao, ukawa mwepesi. Akauchuja kwa kitambaa, akaufunika, akauacha ulale. Kesho yake saa kumi jioni walikaa barazani, kila mmoja na kikombe chake cha bati, wakanywa na kuwasengenya majirani. Kabedi alikuwa Mkatanga, na upishi huo aliurithi kwa mama yake. "Wa kwetu Kasai hawaujui munkoyo, maskini," Badibanga alipenda kusema, ingawa huko Kasai hajawahi kutia mguu. Aliyetoka Kasai ni baba yake, aliyeletwa na Wabelgiji kufanya kazi machimboni. Yeye alizaliwa hapa hapa Katanga, mjini Kolwezi.

"Tata Joyeuse, toa miguu, batu banapita," Kabedi alimwambia kila alipotoka na ndoo, akimwita kwa jina la binti yao.

"Batu gani? Ni we moya tu."

"Na mi haiko mutu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yao ya uzeeni, na hawakumwomba Mungu nyingine.

Halafu maneno yakaanza. Yalisemwa sokoni, yakasemwa kwenye mikutano, yakasemwa hata nje ya kanisa watu wakiwa wametoka kupokea komunyo: Katanga ni ya Wakatanga, Wakasai warudi kwao. Wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Watu waliozikana na kuoana miaka nenda miaka rudi wakaanza kutazamana majina. Asubuhi moja vijana wenye mapanga na galoni ya petroli wakasimama katika ua wa Badibanga, na nyuma yao alikuwepo Mukalay, mdogo wake Kabedi, mtu aliyekunywa munkoyo wa nyumba ile mpaka akashindwa kuinuka. Hakushika panga. Alikuwa anatazama chini.

"Muzee, toka! Kwenda kwenu!"

"Kwetu ni wapi?" Badibanga aliuliza. "Mi nilizaliwa hapa."

Mmoja wao alikuwa amekwisha kukibeba kile kiti cha mlangoni mwa jiko na anaondoka nacho.

"Shemeji, haiko mi, ni batu," Mukalay alisema. "Nenda ku gare kabla bachome nyumba. Dada, we ni wetu. We bakia."

Kabedi alifunga blanketi na nguo za mumewe, akamshika mkono, wakatembea pamoja katikati ya barabara hadi stesheni, watu wakiwatazama. Walipofika akamtandikia gunia chini ya ukuta. "Naenda kutazama Joyeuse," alisema. "Nitarudia."

Joyeuse alikuwa binti yao wa pekee, ameolewa na karani wa Kikatanga, na mimba yake ya kwanza ilikuwa kubwa na inamsumbua. Badibanga alielewa. Mke wake atamwona mtoto, atachukua nguo zake, kisha watasafiri. Kichwani mwake hakukuwa na hesabu nyingine.

Stesheni ilikuwa imejaa watu hadi juu ya reli. Walijenga vibanda vya mashuka na magunia, na mvua ikaviangusha. Walichimba vyoo karibu mno na walipolala, maana hapakuwa na mahali pengine. Kuhara kukaingia. Watoto wakaanza kufa, wakazikwa ng'ambo ya reli bila jeneza. Kila kukicha ilisemwa kwamba treni ya kuwapeleka Kasai iko njiani, na kila kukicha wazee walifunga mizigo yao, na jioni wakaifungua.

Lakini Kabedi alikuja. Kila munkoyo alioupika kwa Joyeuse ulipokomaa alikuja saa kumi, kibuyu mkononi na vikombe viwili vya bati ndani ya kitambaa, akipita katikati ya vijana walinzi waliomtukana kuwa ni mke wa kilulu. Walikaa juu ya gunia, wakanywa. Waliwasengenya majirani wapya badala ya wale wa zamani. Mama Mbuyi, mjane wa kibanda cha pili, aliwacheka: "Beye banafanya kama beko ku baraza yabo!" Na kweli, kwa muda wa kikombe kimoja Badibanga alisahau harufu, akasahau nzi, akamwona mkewe tu.

Kila alipomwona anakuja, hata hivyo, macho yake yalikwenda kwanza juu ya kichwa chake, kutafuta mzigo. Hakuna mzigo. Alitazama mgongoni, alitazama mkono wa pili. Hakuna. Moyo ulimshuka, akaupandisha mwenyewe kwa nguvu: nguo za nini sasa, na treni haijafika? Ziibwe bure hapa? Ni mwanamke mwenye akili, atazileta siku yenyewe. Swali lilimfika ulimini mara nyingi, akalimeza pamoja na munkoyo. Aliogopa kuuliza. Aliyeendesha malori kwenye ukingo wa mashimo ya machimbo aliogopa neno moja la mkewe.

"Joyeuse je?" aliuliza badala yake.

"Eko. Miguu inavimba." Kabedi alimwongezea munkoyo. "Balishakuya kule pia. Banasema ye ni mutoto ya Mukasai, atoke. Nilisimama ku mulango. Nilibaambia: huyu mutoto anatoka mu tumbo yangu, na mi ni wa hapa, mutu amuguse tuone."

"Na bwana yake?"

"Alikuwa nyuma yangu," Kabedi alisema, na kwa sauti yake ungedhani anazungumzia kabati.

Badibanga alicheka. Baadaye, alipobaki peke yake, alijua kwamba ameshasikia kila alichotakiwa kusikia. Ila alikataa kukisikia. Akajifunika blanketi na kujiambia kwamba watoto huzaliwa, na baada ya kuzaa mama huwa hahitajiki tena mlangoni.

Treni ilifika mchana, jua kali. Honi yake ilisikika mji mzima, na watu wakalia na kushangilia kwa pamoja. Yalikuwa mabehewa ya mizigo, mengine hayana paa. Mama Mbuyi alimsukuma Badibanga juu kama gunia, naye akapata nafasi kando ya mlango, akatanua miguu na viwiko. Waliomkanyaga aliwatukana kwa Kiluba na Kifaransa. "Hapa kuna mutu! Ni bibi yangu, anakuya!"

Naye akaja. Alimwona kwa mbali anapenya, kitenge kimemlegea, na juu ya kichwa chake, Mungu asifiwe, kulikuwa na mzigo. Mzigo mnene, umefungwa kwa kitambaa cha maua. Badibanga alipiga kelele ya furaha mpaka watu wakageuka. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Alimwita, akampungia, akanyoosha mikono kumpokea.

"Lete mukono! Mama Joyeuse, nafasi iko hapa, panda!"

Kabedi alimpa mzigo kwanza. Ulikuwa mwepesi mno. Badibanga alifungua fundo, na harufu ikamfikia kabla ya macho: mizizi. Mizizi mikavu ya munkoyo, imefungwa mafungu mafungu, na katikati yake kikombe kimoja cha bati.

Alikigeuza kikombe kutafuta mwenzake. Kilikuwa kimoja.

"Hii ni nini?" alisema. "Mama Joyeuse, hii ni nini?"

"Kule kwenu habana na hii mizizi. Ukiitunza vizuri itadumu."

"Kwenu! Na we unasema kwenu!" Alimpigia kelele, yeye aliyekuwa hajawahi kumpigia kelele mbele za watu. "Panda! Nakuambia panda!"

Kabedi alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa analia wazi. "Mi nikipanda, nani atasimama ku mulango ya Joyeuse? Sema we mwenyewe. Ukisema jina ya mutu, napanda."

Badibanga alifungua mdomo. Alitafuta jina. Alimtafuta mkwe wake yule wa nyuma ya mgongo, akamtafuta Mukalay, akawatafuta majirani mmoja mmoja kama walivyokaa katika mtaa wao. Mdomo ukabaki wazi, na hakuna jina lililotoka.

Honi ililia. Ndipo akashika kitu cha pekee kilichokuwa karibu.

"Mi sijui kupika," alisema upesi. "We unajua, mi ni mwanaume. Unanipatia mizizi, nitaifanya namna gani? Nielezee."

Kabedi alijifuta uso kwa bega bila kumwachia mkono. Akaeleza. Unabandika maji, unatia unga polepole, unakoroga isishikane. Badibanga alitikisa kichwa. Sikusikia, watu wanapiga kelele, rudia. Akarudia. Unga kiasi gani? Akamwonyesha kwa kiganja. Na mizizi unaiponda lini? Akamweleza. Rudia tena, tangu mwanzo. Mradi anaeleza, yupo. Mradi yupo, mkono wake umo mkononi. Badibanga angekuwa mjinga mpaka jioni, mpaka mwaka uishe, kama treni ingemruhusu.

Behewa likashtuka. Kabedi akaanza kutembea kando yake, huku bado anaeleza, na sasa alimtazama usoni sana.

"Halafu unatia mizizi," alisema, "uji ingali moto, inachemuka..."

"Hapana!" Badibanga alidakia. "Mpaka ipoe! Moto inaharibu munkoyo, itakataa kulegea!"

Akasikia alichokisema. Kabedi alikuwa anatabasamu na machozi yanamfika kidevuni.

"Unaona," alisema. "Unajua yote. Nilikuwa nakuona pale ku mulango."

Na akamwachia mkono.

Alisimama. Treni haikusimama. Badibanga aliegemea nje mpaka Mama Mbuyi akamshika mkanda asianguke. Alikuwa anapiga kelele kama mtoto aliyesahauliwa sokoni, mzee mzima, mizizi imemwagika magotini mwa watu.

"Sijui! Nilikudanganya! Mi sijui kintu! Rudia! Mama Joyeuse, rudia tangu mwanzo!"

Katikati ya reli, mbali sasa, Kabedi aliweka viganja vyake kando ya mdomo. Magurudumu yalifunika sauti yote, lakini Badibanga aliona midomo yake inachezacheza, anabandika maji, anatia unga, anakoroga polepole. Hakusikia hata neno moja, na hakuna hata moja asilolijua.