Kabati la Lavabo ya Mama Nshobole

Papa Grégoire alikuwa seremala Rutshuru miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kujitengenezea hata kiti. Vita vikamtoa kule na mkewe, watoto wake na blanketi mbili. Karakana, meza ya kazi, randa zake zote, vikabaki nyuma. Alipochoka kulala hemani katika kambi ya Kanyaruchinya, akapanga nyumba ya mbao Goma, akaezeka mabati manne ubavuni mwa nyumba, akaanza upya.

Mkewe, Julie, alivumilia mengi, lakini si mumewe kunawa kole ya mbao na verni katika beseni lake la kuoshea majani ya sombe.

"Leo watoto wamekula mboga yenye kunuka verni," akamwambia. "Utafute pako pa kunawia, ao upike mwenyewe."

Basi Grégoire akaenda soko la Birere, akapata lavabo, sinki ya kunawia ya chuma, iliyokwisha kutumika. Ilikuwa na kasoro moja: tundu la kutolea maji lilikuwa limepanuliwa kwa tupa, na chini yake kuzungushiwa pete ya shaba nene kama kidole. Pete hiyo ilimtesa. Alikuwa na mbao chache ngumu za mti wa libuyu, zilizobaki tangu barabara ya Butembo ilipofungwa, akaunga kabati zuri la milango miwili. Lakini lavabo ikakataa kukaa. Mara mbili alichonga ubao wa ndani wa kuibebea, mara mbili ukagoma. Mara ya tatu akauchonga kwa patasi, kidogo kidogo, akifuata mviringo, mpaka pete ikalala humo kama yai kwenye kiota. Akatega ndoo tupu chini ya tundu, akamwaga nyingine iliyojaa maji. Halikuvuja hata tone. Julie akaja kunawa, akacheka kama msichana.

Wiki hiyohiyo akafika Mama Nshobole, mjane wa kutoka upande wa Bukavu, karani, mkazi wa mtaa wa Himbi. Mapigano yalipoingia mjini alikimbilia kwa dada yake. Aliporudi akakuta nyumba yake imeporwa hata milango. Alitaka mlango wa jikoni.

"Urefu, mètres mbili," alisema. "Upana..."

Alikuwa akitazama lavabo juu ya kabati.

"Papa Grégoire, chini ya ile lavabo kuna pete ya shaba?"

Grégoire akageukia kabati. Milango ya kabati ilikuwa imefungwa. Pete isingeweza kuonekana kutoka pale mama aliposimama. Angeweza kukana.

"Iko," akajibu.

"Ni bwana yangu aliiweka. Alikata sufuria ya shaba ya mama yake. Nilimugombeza siku mbili juu ya ile sufuria." Akatabasamu, kisha tabasamu likamzimika usoni. "Sisemi uliiba, papa. Ninajua namna vitu vinatembea siku hizi. Tuendelee na mlango."

Wakaendelea, lakini Grégoire aliandika vipimo bila kuvisikia.

Julie aliposimuliwa, akakasirika. "Tulinunua mchana, mbele ya watu! Ukirudisha hii, nani atakurudishia ya kwako?"

Grégoire aliwaza randa yake ndefu, aliyoachiwa na aliyemfundisha kazi. Pengine wakati ule mtu alikuwa akiisukuma huko Rutshuru, akisema ameinunua, na pengine alisema kweli.

"Mutu akiniletea randa yangu moja tu," alisema mwishowe, "nitalia, Julie."

Julie aliinama akaendelea kuchambua maharagwe. Lakini asubuhi Grégoire alimkuta amechutama mbele ya kabati, akifuta milango kwa kitambaa chenye mafuta.

"Usiipeleke chafu," akasema bila kugeuka.

Grégoire akapakia lavabo na kabati juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, akavisukuma hadi Himbi. Mama Nshobole alifungua lango akashika kiuno.

"Lavabo ninaijua. Na hii kabati?"

"Lavabo yako haiwezi kukaa kwa kabati ingine, mama. Nilikata ubao kwa kufuata ile pete."

Mama Nshobole akafungua milango, akaingiza mkono, akapapasa pale ubao na shaba vilipokutana. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Ingia kwanza unywe chai," akasema. "Kisha tutaifunga pamoja, mimi nitashika tochi."

Nyumbani, Julie ndiye aliyepata wazo. Nyumba yao haikuwa na bomba. Lavabo ya nini? "Beseni nalo lina mdomo," akasema. "Toboa ubao, ulitie humo, na juu weka ndoo yenye robine ya kufungulia maji." Grégoire akatoboa, na ikawa nzuri, tena nyepesi. Mama Nshobole alipoiona akawaeleza wenzake wa kazini, wenzake wakawaeleza majirani zao, na kabla mwezi haujaisha wateja walikuwa wamemmalizia Grégoire mbao zote.

Siku moja alikuja Mama Charline, msusi wa nywele, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa.

"Ile kabati ya jirani yangu inanifika kifuani!" akalalamika. "Mimi nitanawa namna gani, juu ya kiti?"

"Vua viatu, mama," Grégoire akamwambia, akichomoa kalamu nyuma ya sikio. "Simama hapa kwa ukuta, wima."

Akapiga alama ukutani, usawa wa kiuno cha mama: kabati lake lingeishia hapo.